Lenzi Ndefu Yafika Mollo

Mwanangu Polikarp si mtu wa kupayuka. Akikasirika ndiyo anaongea polepole kuliko siku zote, na neno akishalisema mara moja harudii. Siku ya kipaimara cha Steven, mwanawe wa mwisho, alisema neno moja mbele ya wazee wenzake, na neno hilo likakaa nyumbani kwetu Mollo tangu mahindi mabichi mpaka tumeshapura maharage.

"Tangu nizaliwe," alisema, "sijapata kuonwa na mtu kwanza, halafu ndio nisalimiwe."

Aliyekuwa anaambiwa ni Sayi, kijana wa Kisukuma wa kule Ilemba, bondeni. Baba yake alihamia huko na ng'ombe zake akitokea Maswa, Sayi akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Kijana mwenyewe alishapanda mlima siku nyingi, akapanga chumba Izia, mjini Sumbawanga. Siku za kazi anauza dawa za mifugo, mwisho wa wiki anapiga picha. Justa, mjukuu wangu, dada yake Steven, ndiye aliyemwita atupigie picha za sherehe. Lakini mimi nilishayaona macho ya Justa anapolitaja lile jina, nikajua kwamba haji kwa ajili ya picha peke yake.

Sasa, huku kwetu Ufipa mtu akiingia uani kwa watu anachuchumaa, anapiga makofi taratibu, anangoja. Wenye nyumba wakishampigia ya kuitikia ndipo anainuka na kusema lililomleta. Sayi alishaelezwa hayo na Justa, tena vizuri. Ila alipofika aliwakuta wazee wamezunguka chungu cha pombe ya ulezi, wanacheka, jua la jioni limewapiga usoni. Akajiambia kwamba akienda kusalimia watanyamaza, watakaa kama watu wa picha ya kitambulisho. Basi akasimama kule kwenye ghala la mahindi, akafunga kwenye kamera lenzi moja ndefu aliyoazima kwa rafiki yake, akaanza kuwavuta kwa mbali. Nia yake ilikuwa asalimie baadaye. Polikarp akainua uso, akaona bomba limemwelekea kifuani.

Picha zenyewe zilitoka nzuri mno, na hilo ndilo lililozidisha ubaya. Polikarp ana pengo la mbele, na miaka yote akicheka hufunika mdomo kwa mkono wa kulia. Katika picha ile alikuwa anacheka wazi, pengo nje, kama mtoto. Alipoletewa aliitazama, akailaza kifudifudi mezani.

Baada ya siku hiyo Sayi alimtuma mzee Christopha, jirani yake wa Izia, aje kama mshenga. Polikarp alimpokea, akamwambia kwa upole kwamba hapa chai imekwisha, akanywe kwa jirani. Na huku nyuma watu wa mzee Teodori, mwenye mashine ya kusaga, walikuwa wameanza kumuulizia Justa kwa ajili ya kijana wao. Polikarp hakuwa amewakubalia, lakini hakuwakatalia pia. Alisema tumalize mavuno kwanza. Justa alinifuata jikoni akaniambia kwamba asipokuwa Sayi, nisimsaidie kutafuta mwingine, atakaa na cherehani yake. Hakulia. Mjukuu wangu yule hulia kwa vitu vidogo, kuku kufa, sindano kukatika. Kwa hiyo nilielewa kwamba hilo lilikuwa kubwa.

Ndivyo mambo yalivyokuwa Jumamosi ile tuliposhuka mjini, mimi na yeye.

Mimi nilikuwa natafuta sweta. Baridi ya Julai ya Sumbawanga inaingia kwenye mifupa ya mzee na haiulizi kama umekula. Nilipata moja la mtumba, la bluu, lina vifungo vya mbao, nikalivaa palepale. Tukaenda kwenye duka la Marselino, karibu na soko, ambako Sayi alikuwa ametuambia tumkute. Marselino anatengeneza redio na simu, na pembeni anauza kamera na vitu vyake vilivyotumika. Duka lenyewe jembamba, watu watatu mnapumuliana.

Sayi alikuwa ndani. Alipotuona alichuchumaa palepale kati ya meza na mlango, akanipigia makofi. Mteja aliyekuwa nyuma yake akabaki ameshika betri za redio mkononi, hana pa kupita. Nikamwitikia upesi ainuke. Halafu akamtazama Justa, na Justa akatazama vitu vya ukutani. Walikuwa hawajaonana wiki mbili, kwa kuwa baba alikataza. Nikaona kidole cha Justa kinazungusha futi ya ushonaji anayoitundika shingoni, anazungusha, anaachia, anazungusha tena.

"Hujambo, Justa."

"Sijambo. Umekonda."

"Ni koti. La mtu mnene."

Wakacheka kidogo, kila mtu chini kwa chini.

Shida yake ilikuwa hivi. Kamera yake aliinunua ikiwa na lenzi moja, ile ndogo inayokuja nayo, ambayo inavuta kidogo tu. Kwa picha za kuanzia inatosha: watu wamesimama, keki, familia mlangoni. Lakini alikuwa amepewa harusi, ya mwalimu mmoja, kanisani kwetu, na ilikuwa harusi yake ya kwanza kubwa. Akiiweza, nyingine zitamfuata. Akiiharibu, mji huu mdogo, kila mtu atajua kabla ya Jumatatu. Na kanisani kuna kamba. Wapiga picha walikuwa wanaparamia mpaka altareni, mmoja alishawahi kumkanyaga padri vazi lake, basi wazee wa kanisa wakafunga kamba kwenye benchi la kwanza. Mpiga picha haivuki. Rafiki aliyekuwa anamwazima lenzi ndefu alihamia Mpanda nayo. Na Sayi alikuwa na uwezo wa kununua lenzi moja, basi.

Marselino alitandika taulo mezani akapanga lenzi tatu. Mimi kamera nilikuwa naijua kwa nje tu. Sikujua kwamba ile pua inazungushwa inatoka kama kifuniko cha chupa ya chai, inawekwa nyingine. Nikauliza kwa nini asinunue yoyote inayoingia. Marselino, ambaye ni mtu wa maneno, alinieleza kwamba kila kamera ina mdomo wake, na hata ikiingia mdomoni bado haijatosha. Kamera za wanaoanza, nyingi hazina nguvu ya kuizungusha lenzi ya zamani. Lenzi inatakiwa iwe na kimota chake ndani, la sivyo utakuwa unaizungusha kwa mkono kutafuta sura ya bibi harusi mpaka amekwisha kuwa bibi.

"Sasa wewe niambie," alimgeukia Sayi. "Hiyo uliyonayo, picha gani inakushinda? Ndiyo utanunua dawa yake. Usinunue lenzi kwa uzuri wake."

Sayi akasema zinamshinda mbili. Ya kwanza ni nyuso za watu ndani ya nyumba zenye giza, jikoni, vyumbani, saa ya kumpamba bibi harusi. Picha zinatoka nyeusi, au zinatikisika. Ya pili ni kule mbele, pete inapoingia kidoleni.

Kwa ile ya kwanza Marselino alimpa lenzi fupi, fupi kama kikombe cha kahawa, nyepesi. Hiyo haivuti kabisa. Ukitaka mtu awe mkubwa, sogea. Ukitaka awe mdogo, rudi nyuma. Lakini kioo chake kimefunguka sana, kinameza mwanga hata wa kibatari. Sayi akaifunga, akanipiga mimi picha na sweta langu. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagota kwenye rafu ya redio, na bado picha ilipata uso na vifungo viwili tu. Wakanionyesha. Nyuma yangu kila kitu kilikuwa kimelainika kama uji, na mimi niko katikati, mikunjo yangu yote, macho yangu. Ndugu zangu, nilikuwa sijui kwamba nafanana na mama yangu hivyo.

"Hii," Justa akasema. "Chukua hii."

Ilikuwa nzuri. Hata Sayi aliishika kwa muda kabla ya kuirudisha kwenye taulo.

Halafu akachukua lenzi ndefu. Zilikuwa mbili. Moja ilikuwa inang'aa, kama mpya, na bei yake nyepesi kuliko ya mwenzake. Marselino aliisifu sana. Alisema ilikuwa ya mzungu mmoja aliyekaa Kasanga, ziwani, anapiga picha za ndege, ameondoka. Sayi aliizungusha, akaivuta, akaisukuma, nikaona uso wake umekunjuka. Mtu yeyote angeona kwamba ameshaipenda.

Justa alikuwa hataki hata kuiona lenzi ndefu. Angeweza kukaa kimya pale, aache mambo yaende yanavyokwenda. Lakini alinyoosha mkono, akaipokea, akawasha tochi ya simu akaipitisha upande mmoja, akachungulia upande wa pili kama anavyotazama tundu la sindano.

"Mna nyuzi humu," alisema.

Sayi akainama karibu naye kutazama. Vichwa vyao viligusana, na hakuna aliyeondoa chake.

"Wapi?"

"Pembeni. Kama utando wa buibui. Zinaelekea katikati."

Ilikuwa kuvu. Unyevu wa ziwani umeingia ndani ya kioo ukaota. Marselino akasema ni kidogo, haionekani kwenye picha. Sayi akamwuliza kama yeye angeiweka kwenye mkoba mmoja na lenzi zake nyingine, maana kuvu huambukiza. Marselino akakuna kichwa, akaiondoa kwenye taulo, akasema hawa vijana wa siku hizi wamekuwa maaskari.

Ikabaki ile ndefu ya pili. Rangi imechubuka, imebeba mikwaruzo ya watu wengi, lakini kioo safi. Marselino akaifunga kwenye kamera, akabonyeza. Ikanguruma kama nyuki aliyeingia kwenye chupa, ikatulia yenyewe. Kimota kinafanya kazi. Sayi akatoka mlangoni, akaielekeza ng'ambo ya barabara. Aliporudi alinionyesha mama muuza dagaa wa kule mbali, naona mpaka hereni zake.

Marselino alimweleza na ubaya wake, sitamnyima haki yake. Hiyo ndefu inapenda mwanga. Ndani ya jengo inakuwa na njaa. Na ni nzito, mkono ukitetemeka kidogo picha inatetemeka sana. Aegemee nguzo, au atumie fimbo ya kuishikizia. Sayi akasema madirisha ya kanisa ni marefu, na harusi ni saa nne asubuhi, jua liko upande wa altare. Alishakwenda kusimama nyuma ya kamba akaangalia. Nikajua kwamba huyu mtu alikuwa ameamua kabla hajafika.

Justa naye alijua.

"Chukua fupi," alimwambia. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayeulizia bei ya uzi. "Baba akikuona tena na bomba, mimi nimekwisha. Wakina Teodori wanangoja tu."

"Na harusi ya mwalimu?"

"Harusi ziko nyingi."

"Kanisa ni lile lile. Kamba ni ile ile."

"Basi piga za nyumbani. Piga nyuso. Umeona ulivyomtoa Bibi."

Marselino aligeuka akaanza kutafuta bisibisi ambayo ilikuwa mbele yake. Mimi nilifungua kifungo cha sweta nikakifunga tena.

Sayi alikuwa anafuta ile lenzi fupi kwa pindo la shati, ingawa haikuwa na vumbi.

"Justa, nikichukua hii kwa ajili ya baba yako, nitakuwa nimemdanganya. Atadhani lenzi ndiyo ilikosa adabu. Lenzi ilikuwa mikononi mwangu. Mimi ndiye sikusalimia."

"Basi chukua ndefu uiache Izia. Usipande nayo Mollo."

"Halafu anikute nayo kanisani? Nilishamtazama mara moja yeye hajui. Sitaki kuanza kumficha vitu."

"Wewe unamjua baba yangu?"

"Simjui. Ndiyo maana nataka anione."

Justa akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu tuingie. Nilidhani atasema neno zito. Akasema, "Fanya unavyotaka, Sayi. Lenzi ni yako."

Ninyi mliowahi kupenda mnajua kwamba maneno hayo mwanamke hayasemi akiwa amekubali.

Akainunua ile ndefu. Sasa kuna jambo la mkoba. Hawa wawili walijuana kwa mkoba. Sayi alikuwa amekwenda kwenye banda la Justa la kushonea, kule Izia, kushonesha mfuko wa kamera, na Justa akamshonea wa kitambaa cha jinzi, ndani ameweka blanketi kuukuu ili isigongwe, ameupima kwa kamera na lenzi yake ile ndogo barabara, haichezi humo ndani. Alikuwa mwaka mzima anautazama mkoba ule unavyopita Izia kwenye bega la mtu. Pale dukani Sayi akajaribu kuingiza kamera yenye lenzi ndefu. Haikuingia. Akaigeuza, haikuingia. Justa aliutazama mkoba, akatazama lenzi, akafunga zipu ya mkoba mtupu akamkabidhi mwenyewe.

"Nilipima ile ya zamani," alisema. Akatoka nje kutafuta bajaji.

Nilikuwa nimeshamwambia Sayi tangu wiki iliyopita, kwa simu, kwamba nataka anipige picha mlangoni kwangu. Picha niliyo nayo ni ya kitambulisho tu, na pale nimetoka kama mtu aliyeamshwa kwa kelele za mwizi. Nilijua kwamba mlango wangu na mlango wa Polikarp ni ua mmoja. Sikuwa nimempangia mtu yeyote jambo. Bibi kizee anataka picha yake, basi.

Tukapanda bajaji watatu, mimi katikati. Sayi amepakata kamera na bomba lake kama mtu aliyebeba mtoto anayehofia kumwamsha. Justa amegeukia mashamba. Mashamba yenyewe yalishavunwa, ni mabua na upepo, na upepo wa kwetu mwezi huo unabeba ardhi. Kwenye kioo kidogo cha dereva niliona Sayi anamtafuta Justa kwa macho. Baadaye nikaona na Justa ametazama kioo, mara moja, akaondoa macho. Njia nzima hawakusemezana. Dereva akaniuliza mimi kama tunatoka msibani.

Polikarp alikuwa amekaa kando ya ukuta wa nyumba, upande ambao upepo haumpigi, anachonga nira ya ng'ombe kwa shoka dogo. Alituona tangu tunateremka. Hakuacha kuchonga.

Sayi alifika mpaka pale vumbi la ua linapoanza, hatua chache mbele yake. Akaivua kamera shingoni na lenzi yake ndefu, akaiweka chini, mbele yake, mahali ambapo kila mtu anaiona. Akachuchumaa. Akapiga makofi, taratibu, kama alivyofundishwa, akainamisha kichwa.

Polikarp aliendelea kuchonga.

Kwa wasiotujua, niseme tu kwamba mtu akisalimia hivyo hainuki mpaka aitikiwe. Akiinuka mwenyewe amejisalimia mwenyewe, aende zake. Kwa hiyo Sayi alikaa. Nyayo zake zilikuwa chini zote mbili, wala hakugusa ardhi kwa mkono kujishikiza. Vipande vya mti vilikuwa vinaruka kutoka kwenye shoka, vingine vinamwangukia magotini. Adela, mama yake Justa, alitokea mlango wa jiko na mwiko mkononi, akaona, akabaki hapo. Huko ndani ugali ukaanza kunukia kuungua na hakuna aliyeusemea.

Mimi ni mama yake Polikarp. Ningeweza kusema, mwitikie mtoto wa watu. Niliuma ulimi. Salamu inayoombewa na bibi si salamu.

Upepo ukaja kutoka kwenye uwanja tulikopuria maharage. Ulichukua makapi na vumbi jekundu ukalimwaga uani. Nikaona vumbi limekaa juu ya kamera, juu ya lenzi, kwenye ile shingo yake ambayo inavutwa na kusukumwa. Marselino alikuwa amesema mchanga ukiingia humo ndiyo mwisho wake. Sayi aliliona. Lakini mikono yake ilibaki imekutana. Justa akapiga hatua aende kuiokota; nikamshika kanga.

Shoka likasimama.

"Kifaa chako kinaingia vumbi," Polikarp alisema.

"Naona, baba."

"Kiokote."

"Hujaniitikia, baba."

Polikarp akamtazama. Akatazama kamera. Nilimzaa mimi mwanangu yule, na sikujua atafanya nini. Aliweka shoka kando, akaegemeza nira ukutani, akajifuta viganja kwenye suruali, kimoja, na kingine. Halafu akapiga makofi. Polepole, kama anavyoongea.

Nyuma yangu nikasikia Adela ameukimbilia ugali.

Sayi aliinuka akiwa anayumba, miguu imekufa ganzi. Hakuigusa kamera kwanza. Alisema lililomleta: kwamba siku ya kipaimara alimtazama mwenye nyumba bila kumsalimia, kwamba alikuwa ameshaelezwa na Justa kwa hiyo hakukosea kwa kutojua, na kwamba amekuja kulisema hilo, na kumpiga picha Bibi kama Bibi atapenda. Hakutaja posa. Hapo alinifurahisha.

"Ndiyo ile ile?" Polikarp akauliza, akionyesha lenzi kwa kidevu.

"Ile ilikuwa ya kuazima. Hii nimenunua leo."

"Baada ya maneno yangu yale."

"Ndiyo, baba."

"Kwa nini?"

"Nina harusi kanisani. Pale benchi la kwanza pana kamba, haturuhusiwi kuvuka. Kwa lenzi ndogo, kutoka pale huioni pete."

Polikarp akamtazama Justa, kama vile yeye ndiye aliyemfundisha kijana kusema hivyo, lakini Justa alikuwa amekodoa macho naye. Maana hakuna aliyekumbuka kumwambia Sayi, hata mimi sikukumbuka, kwamba mzee wa kanisa aliyeitafuta kamba ile, akaikata, akaifunga kwa mikono yake, ni huyu aliyekaa mbele yake na nira.

"Wapiga picha wenzako wanasemaje juu ya hiyo kamba?"

"Wanairuka, baba."

"Najua wanairuka," Polikarp akasema. "Niliifunga mimi."

Masikio yalimwiva Sayi. Polikarp akainama, akaiokota kamera mwenyewe kwa mikono miwili, akaipuliza vumbi shingoni, puu, puu, kama anavyopuliza jicho la mtoto lililoingia kitu. Akampa.

"Inafika wapi hiyo?"

"Mbali, baba. Kukiwa na jua."

"Jua lipo." Akasimama, akajinyoosha mgongo. "Unakiona kichuguu kile, walipo ng'ombe? Nikifika nitainua mkono. Sasa umeshanisalimia, nitazame unavyotaka."

Akaenda. Mwanangu ana mwendo wake, hakimbizwi na mtu, na sisi wote tukakaa tunamtazama anavyozidi kuwa mdogo kwenye mabua, mpaka akawa kama kijiti kando ya ng'ombe. Kijiti kikainua mkono. Sayi akaegemea nguzo ya kibanda, kama alivyofunzwa, akavuta pumzi, akapiga. Kisha akainamisha kamera, tukajazana mimi na Justa na Adela kuchungulia.

Alikuwa mle ndani mzima, karibu kama nimemshika. Ng'ombe mwekundu nyuma ya bega. Na kwa kuwa aliinua mkono wa kulia, hakubaki na wa kufunikia mdomo. Pengo lote lilikuwa nje.

Alipoonyeshwa aliitazama kwa muda mrefu. Safari hii hakuilaza kifudifudi. Alisema tu ng'ombe huyo amekonda, akaulizia ugali. Akaambiwa umeungua. Akasema hata ulioungua tutakula, na mgeni aongezewe sahani. Kisha, akiwa anainama kuingia mlangoni, akamwambia Sayi bila kugeuka:

"Mwambie mzee Christopha chai hapa ipo."

Wakati wakinawa mikono nilivuta kigoda nikakaa mlangoni kwangu na sweta langu, maana nilidhani picha yangu hakuna anayeikumbuka. Sayi alikuwa ameikumbuka. Alikuja, akaitoa lenzi ndefu, akafunga ile ndogo ya siku zote aliyoitoa mfukoni mwa koti, akaanza kunitafutia mwanga. Akaiweka ile ndefu juu ya kigoda cha pili ili isirudi kwenye vumbi.

Justa akaja akakaa chini kando ya kigoda hicho. Bado hakuwa amemsemesha tangu dukani. Alivua futi shingoni, akaipima lenzi urefu, akaipima mzunguko. Akauvuta mkoba wa jinzi miguuni kwa Sayi, akaugeuza ndani nje, akatoa wembe kwenye mfuko wa sketi yake, akaanza kufumua mshono wa chini, uzi mmoja baada ya mwingine.

Sayi akashusha kamera.

"Justa."

"Usinisemeshe, bado nimekukasirikia," alisema, pini mdomoni. Akafumua nyuzi nyingine mbili, kisha akamnyooshea pembe ya mkoba. "Shika hapa. Kaza."

Akashika.